Uliza Fundi: Nimelipa kila Aprili, kumbe jina si langu

Salaam aleikum Fundi. Nina nyumba ya wageni ya vyumba vinane hapa Mji wa Kale, hatua chache kutoka Ndia Kuu. Mwaka 2019 nilimpa kijana mmoja kazi ya kunitengenezea tovuti kwa shilingi 35,000. Hatukuandikiana kitu, maana mamake ni shoga yangu tangu madrasa. Akanifungulia majina mawili ya tovuti, moja la .co.ke na jingine la .com, yote ni jina la nyumba yetu. Kila Aprili huniandikia, "Mama, pesa ya domeini imefika, 6,000," nami humtumia kwa M-Pesa siku hiyohiyo.

Mwaka huu nilimwambia anipe nywila, nataka mpwa wangu aitunze tovuti. Akanyamaza wiki mbili. Kisha akajibu kwamba majina yote mawili yameandikwa kwa jina lake, mimi nilikuwa nakodi tu, na nikiyataka nimpe 80,000. Juzi barua pepe zikakatika. Nina kundi la Wajerumani linalokuja Disemba na sijui kama wananiandikia. Mume wangu asema tununue jina jipya tuachane naye, lakini hili limo kwenye kibao cha mlangoni, kwenye kadi na kwenye mashuka. Jina ni la nani, Fundi? La aliyelipa au la aliyeandikisha?

Mama wa Vyumba Vinane, Mji wa Kale

Waaleikum salaam, Bi. Jibu fupi halitakufurahisha: mbele ya msajili, jina ni la yule aliyeandikwa daftarini. Jibu refu lina nafuu kwako, kwa hiyo nivumilie.

Kwanza neno lenyewe. Wataalamu wa lugha wametupa "kikoa" kwa maana ya domeini. Neno zuri, ila ukimwambia mama wa Mombasa "kikoa changu kimechukuliwa" atakuuliza zamu ilikuwa ya nani kupika, maana kwetu kikoa ni kula pamoja kwa zamu. Nitasema jina la tovuti, au domeini kama alivyokuandikia huyo kijana.

Sasa, hakuna mtu anayenunua domeini ikawa yake daima. Unalipia haki ya kuitumia kwa mwaka mmoja au zaidi, na ukiacha kulipa inarudi sokoni. Wewe ni mtu wa hapa, nikikueleza kwa nyumba bila ardhi utanielewa upesi. Unajua familia ngapi Majengo na Kisauni zina kuta na paa lakini kiwanja ni cha mtu mwingine, na kila mwezi hupeleka kodi ya ardhi. Tovuti ni nyumba. Domeini ni kiwanja. Daftari la viwanja vyote vya .ke linatunzwa na KENIC, chini ya leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. La .com liko Marekani, kwa kampuni iitwayo Verisign, kwa kanuni za ICANN, shirika linalosimamia majina ya tovuti duniani. Kati yako na hao yuko msajili, yaani kampuni inayokuuzia jina na kukuandika daftarini.

Kijana wako alichukua pesa zako, akaenda kwa msajili, akaandikisha kiwanja kwa jina lake, kisha akaja kukujengea nyumba juu yake. Kila Aprili umempa kodi ya ardhi, naye ameichukulia risiti kwa jina lake. Umelipa kweli, wala hakuna anayekataa, ila daftari halikujui.

Kabla hujamwita mwizi, niseme jambo ambalo si rahisi kwangu kulisema gazetini. Nilifanya vilevile.

Nilikuwa na saiba, yaani duka la intaneti, Mwembe Tayari, kompyuta sita na feni moja. Watu walikuja kutafuta tovuti, nami niliwasajilia majina kwa anwani yangu ya barua pepe. Sikuwa na nia mbaya. Mteja mwenyewe hakuwa na barua pepe, au alikuwa nayo na hakumbuki nywila, na fomu ya msajili haiendi mbele bila anwani. Basi naandika yangu, nabonyeza, kazi imekwisha, kesho tutabadilisha. Hiyo kesho haikufika. Nikawa na majina kumi na manne katika akaunti moja, yote yanasoma mimi. Siku moja anwani ile ikaingiliwa, nikafungiwa nje, na taarifa za kulipia upya zikawa zinakwenda mahali nisipoweza kuzisoma. Nahodha mmoja aliyekuwa akipeleka watalii kwa jahazi alipoteza jina lake hivyo. Lilipoisha muda likachukuliwa na mtu mwingine, na wateja wake wakawa wanafungua ukurasa wa kamari. Alikuja saiba, akakaa kwenye benchi chini ya ile feni, akanigeuzia simu nione mwenyewe. Hakunitukana. Alikaa mpaka adhana ya alasiri, akaondoka. Nilimnunulia jina jingine kwa pesa zangu, lakini kibao cha jahazi kilikuwa kimekwisha kupakwa rangi.

Kwa hiyo kuandikisha kwa jina lake pengine ulikuwa uvivu, kama wangu. Hiyo 80,000 ndiyo inayonikera. Jina la .co.ke kwa wasajili wengi halifiki elfu mbili kwa mwaka, na la .com nalo si pesa nyingi. Katika zile 6,000 zako alikuwa na faida yake na gharama ya seva, halali yake, simnyimi. Lakini kusema ulikuwa unakodi jina la nyumba yako mwenyewe, jina lililokuwa mlangoni kabla yeye hajaigusa kompyuta, hapo amevuka.

Na hapa ndipo nafuu yako ilipo. Daftari ni jambo moja, haki kati yako na yeye ni jambo jingine. Ulimtuma. Alikwenda kwa pesa zako, kwa shughuli yako, akachukua jina ambalo halina maana kwa mtu yeyote isipokuwa wewe. Mtu wa namna hiyo kisheria ni wakala, na alichokipata wakala kwa kazi aliyotumwa ni cha aliyemtuma. Ukimtuma mtoto sokoni akununulie samaki, akirudi hawezi kukuambia risiti ina jina lake.

Marekani walipigania suala la domeini kuwa mali hadi mahakama ya rufaa. Bwana mmoja, Gary Kremen, alisajili mwaka 1994 jina ambalo sitaliandika hapa kwa kuwa gazeti hili husomwa sebuleni. Mwaka uliofuata mtu aitwaye Stephen Cohen akampelekea msajili barua ya kughushi, eti kampuni ya Kremen imemwachia jina. Barua hiyo ilieleza kwamba kampuni, ambayo hata jina lake lilitaja matangazo ya mtandaoni, haina intaneti, ndiyo sababu inaomba msaada kwa karatasi! Msajili akahamisha jina bila kumuuliza mwenyewe. Mwaka 2003 mahakama ya rufaa ikasema domeini ni mali kama mali nyingine, na msajili aliyempa asiye mwenyewe anaweza kudaiwa. Mahakama za Kenya hazifungwi na uamuzi huo. Ninautaja ili usishangae msajili akikataa kukuhamishia jina kwa barua yako peke yake. Akikubali barua yako leo, kesho atakubali ya tapeli.

Haya, cha kufanya. Kabla hujamjibu kijana, keti na mpwa wako mtazame tarehe. Kwa .co.ke fungueni ukurasa wa kutafuta majina wa KENIC, kwa .com ule wa ICANN, mwandike jina lako. Kitatokea kikaratasi cha mistari. Usihangaike kutafuta jina la mwenyewe, huenda limefichwa: tangu 2018, Ulaya ilipoanza kutumia sheria yake ya faragha, majina mengi ya watu hayaonyeshwi. Tafuta mistari mitatu: msajili ni nani, jina lilisajiliwa lini, na linaisha lini. Ukiona mstari wa hali unaosema uhamisho umezuiwa, usitishike, hilo ni kufuli la kawaida linalowekwa dhidi ya wezi.

Tarehe ya kuisha ndiyo itakayokuambia ukimbie au utembee. Kama ulilipa Aprili naye hakupeleka, huenda barua pepe zimekatika kwa sababu hiyo wala si kwa hila. Jina la .com likipita tarehe halipotei siku hiyo. Msajili anaweza kulishika hadi siku 45, kisha zipo siku 30 za kulikomboa kwa bei ya juu, kisha siku 5 za mwisho ambazo hakuna anayeweza kuligusa, halafu linaachiwa yeyote. Kwa .co.ke usihesabu siku, mpigie msajili leo. Wasajili wengine hukubali mtu yeyote alipie jina, hata asiye na akaunti. Kulipa hivyo hakukufanyi mwenyewe, lakini kunazuia mgeni asiingie wakati nyinyi wawili mnavutana.

Pili, kusanya ushahidi. Taarifa ya M-Pesa ya kila Aprili. Zile jumbe zake za "pesa ya domeini", usizifute, na ukibadilisha simu hakikisha zimehama nazo. Cheti cha jina la biashara. Picha ya kibao, na ya mashuka pia, usicheke. Picha ya zamani yenye tarehe kabla ya 2019 ina thamani kuliko zote, kwa sababu inaonyesha jina lilikuwa lako kabla yake.

Tatu, mwandikie. Usianze na wakili. Mamake ni shoga yako, na mji wetu ni mdogo, mtakutana harusini. Mwandikie maneno machache, bila hasira, kwa namna ambayo hakimu akiyasoma siku moja atakuona mtu mwenye busara. Mimi ningeandika hivi:

"Mwanangu, majina haya mawili uliyasajili kwa kazi niliyokupa na kwa pesa nilizokutumia kila mwaka tangu 2019. Naomba uyahamishe yawe kwa jina la biashara yangu kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo. Kazi ya kuhamisha nitakulipa 5,000. Kama kuna deni lolote ninalodaiwa, niandikie nilione."

Hiyo 5,000 usiione kama kushindwa. Ni kazi ya nusu saa, na inampa mlango wa kutokea bila aibu. Sentensi ya mwisho ni ya maana zaidi ya zote, kwa sababu kama kweli anakudai, atasema sasa, na kama hadai, ukimya wake umeandikika.

Akikubali, msianze kwa kuhamisha kutoka msajili huyu kwenda mwingine. Mpwa wako afungue akaunti kwa msajili huyohuyo, kwa jina la biashara yako, kisha kijana ayasukume majina kutoka akaunti yake kuingia kwenu. Kwa .com kubadilisha jina la mwenyewe kunaweza kuleta kufuli la siku 60 kabla hujaruhusiwa kuhamia kwa msajili mwingine, na hilo halina neno, mradi jina liko ndani ya nyumba yako. Siku mtakapotaka kuhama kweli, utaomba msimbo wa uhamisho, na msajili wa .com ana siku tano za kukupa.

Halafu, Bi, nakuomba sana hili: anwani ya barua pepe ya akaunti hiyo isiwe ya domeini hiyohiyo. Wengi hufanya kosa hili. Jina likizimika, barua pepe inazimika nalo, na ujumbe wa kukuambia limezimika unakuja kwenye sanduku ambalo halifunguki. Tumia anwani nyingine kabisa, na namba ya simu iliyo mkononi mwako, si ya mpwa. Mpwa naye ni binadamu.

Akikataa? Muandikie msajili, umwambatishie ushahidi wote, na kwa .co.ke upeleke nakala KENIC. Pesa zako unaweza kuzidai Mahakama ya Madai Madogo, ambayo hapa Mombasa ipo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, sheria inaitaka imalize ndani ya siku 60, na unaweza kujisimamia bila wakili. Ila hiyo ni mahakama ya pesa na vitu vya kushikika. Ukitaka amri ya kumlazimisha arudishe jina, hapo ndipo wakili anapohitajika.

Kuna watu watakuambia nenda polisi. Ni kweli Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, kifungu cha 28, inamgusa anayetumia kwa makusudi jina la biashara au domeini ya mwingine bila idhini wala haki: faini hadi shilingi 200,000, au kifungo hadi miaka miwili, au vyote viwili. Lakini huyu ulimpa idhini wewe mwenyewe, na wakili wake ataanzia hapo. Kifungu hicho kitaje kwenye barua ya pili. Usikifanye cha kwanza. Kwa .com upo pia usuluhishi wa kimataifa ulioanza 1999, unaopelekwa kwa mfano WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la haki miliki, Geneva. Ada yake ni dola 1,500, karibu laki mbili za kwetu, na lazima uonyeshe una alama ya biashara, tena kwamba jina lilisajiliwa kwa nia mbaya tangu mwanzo. Kijana aliyetumwa na wewe mwenyewe ni vigumu kumthibitishia hilo. Ada hiyo ni zaidi ya mara mbili ya anachokudai, na huenda usishinde.

Na Wajerumani? Waandikie leo kutoka anwani nyingine, mpe mmoja wao namba ya simu, usingoje kesi. Hapo mume wako ana haki nusu: nunueni jina jingine la muda ili kazi iendelee. Kibao msikiguse.

Fundi, mimi pia ni kijana wa tovuti, ila si yule anayelalamikiwa kwenye barua za watu, mimi ni wa upande wa pili. Nipo Likoni, natengeneza tovuti. Nimefuata ushauri wako wa zamani, namsajilia mteja jina kwa jina lake. Sasa mmoja amebakisha 18,000, miezi mitatu hapokei simu. Nifunge domeini yake mpaka alipe?

Mwenye Deni Lake, Likoni

Usiifunge. Jina ni lake, na ukilishika unajitoa kwenye nafasi ya mdai na kuingia kwenye nafasi ya mshtakiwa, kwa 18,000. Nenda na mkataba wako Madai Madogo.

Unao mkataba? Maana kuna jambo mafundi wengi hawalijui. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001, kifungu cha 31, inasema kazi iliyoagizwa huhesabika hakimiliki yake imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Yaani usipoandika kitu, hata ile michoro uliyokesha nayo ni yake, pamoja na deni lako. Andika mstari mmoja tu katika kila mkataba: haki za kazi zinahama siku malipo ya mwisho yanapoingia. Na malipo ya mwisho yaje kabla ya kuiweka tovuti hewani. Ningejua hili zamani ningekuwa na nyumba Nyali.

Nifungue .ke au .co.ke? Nauza kaimati na mahamri, nasafirisha mpaka Mtwapa.

Kaimati Moto, Bamburi

Tangu 2017 unaweza kupata .ke tupu, fupi na nzuri, kwa bei ya juu kidogo. Wateja wako wamezoea .co.ke na wataandika hivyo hata ukiwaambia mara mia. Chukua .co.ke, kwa jina lako. Ukitaka kunilipa kwa ushauri, mahamri.

Mwisho, ombi kwa wote. Mwezi uliopita wasomaji watatu wameniandikia maswali yao na kuniwekea humohumo nywila zao "ili Fundi aingie atazame". Nimezifuta bila kuingia. Zibadilisheni leo.